Nyeusi na Kijivu katika Ghala la Pamba

Alhamisi iliyopita niliamka Kahama, nikakunja shuka, nikamrudishia mwenye chumba ufunguo wake, nikatoka. Sikuwa na mpango wowote. Nilikuwa nimekaa pale miezi minne nikiwapikia mafundi wa barabara upande wa Buzwagi, na kazi yenyewe ilikuwa bado ipo. Kilichoisha ni hamu yangu. Wanaonijua hawaniulizi tena. Wasionijua huuliza nimegombana na nani, nami huwaambia sijagombana na mtu, ila nikishajua kila mbwa wa mtaa ni wa nani, sioni tena cha kutazama.

Kwenye kituo cha mafuta nilikuta lori la saruji linataka kuondoka.

"Mama, unaelekea wapi?" dereva aliniuliza.

"Wewe je?"

"Kakola."

"Basi na mimi Kakola."

Akacheka, akaondoa chupa yake ya chai kwenye kiti, nikapanda. Napenda kusafiri mbele ya lori kwa sababu unaiona barabara yote na dereva hana pa kuyakimbia maswali yako. Tulipofika nilikuwa nimeshaelewa kwa nini mbeba saruji anaogopa mvua kuliko askari wa barabarani.

Wakati anashusha mzigo nilimtafuta fundi simu, maana tundu la chaji la simu yangu lilikuwa limelegea. Nilimpata kijana mmoja mwenye meza chini ya mwavuli. Miguuni pake palikuwa na boksi la vitu vilivyokufa: vichaji, redio, ving'amuzi, rimoti zisizo na mgongo. Katikati ya hivyo nikaona kitu cheusi, bapa, chenye duara kubwa juu yake mithili ya sahani.

"Hicho umekitoa wapi?"

"King'amuzi cha zamani, mama. Kimekufa."

"Siyo king'amuzi. Ni mashine ya gemu."

Akakiangalia, kisha akaniangalia mimi, akipima kama ninamtania. "Gemu inaingilia wapi? Hakina kioo, hakina hata tundu la memori."

Nilikiinua nikamwonyesha kilango cha juu, kile kinachosukumwa na kaseti inapoingia. Namba kumi na sita ya rangi ya dhahabu ilikuwa imebaki nusu. Nikakiweka puani. Kijana alicheka, lakini ninyi mliokua wakati wangu mngenusa pia. Ni harufu ya plastiki iliyokaa na joto siku nzima, vumbi lililokaangwa ndani, na kwa mbali jasho la mikono ya watoto. Nilisimama pale nikiwa na miaka kumi.

Nieleze moja kwa moja kilichonijia, nisije nikazunguka. Nina kaka mmoja, Masanja, ambaye sasa anaishi Chunya na ana karasha lake la kusaga mawe ya dhahabu. Alipokuwa na miaka kumi na saba aliondoka nyumbani kwetu Isaka kwenda machimboni, na maisha yangu yote nimeamini kwamba mimi ndiye niliyemfukuza, kwa kidole changu hiki cha shahada. Sikuwahi kumwambia yeye wala mtu mwingine.

Mama yetu alikuwa akipika chakula kwenye maegesho ya malori. Sisi tulimwita Mayu, kama Wasukuma wengi. Malori ya Kigali na Bujumbura yalikuwa yakisubiri mizigo kutoka kwenye treni, mengine wiki nzima, mengine tatu, na madereva wake walikula kwetu mpaka wakawa kama wajomba. Mmoja wao redio yake iliharibika na Masanja akaitengeneza kwa kipande cha waya. Dereva yule alifurahi, akafungua boksi nyuma ya kiti chake, akamwachia mashine nyeusi kama ile, pedi mbili na kaseti tatu. Alisema mwanawe amekua, haichezi tena.

Siku hizo gemu ilikuwa kitu cha kusikia tu. Masanja aliiunganisha na televisheni ya mgahawa, ile yenye kitufe cha kuzungusha, akatafuta chaneli kwa bisibisi asubuhi nzima. Picha ilipotokea, Mayu aliacha ugali ukaungua. Ndani ya siku tatu watoto wa Isaka nzima walikuwa kwetu, kila mmoja na sarafu yake mkononi.

Halafu shule zikafungwa, na Nilesh akaja.

Nilesh alikuwa mjukuu wa Mzee Ratilal, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya reli. Alisoma mbali na likizo zote alizimalizia kwa babu yake. Kihindi chake nilikisikia mara chache. Kiswahili alikiongea kama sisi, na akikasirika alitukana kwa Kisukuma. Safari hiyo shangazi yake wa ng'ambo alikuwa amemletea mashine nyingine, ya kijivu, yenye kona za mviringo. Aliiweka chumba cha nyuma cha duka na hakutoza mtu sarafu.

Isaka ikagawanyika. Kulikuwa na watoto wa Nyeusi na watoto wa Kijivu, hivyo ndivyo tulivyoziita, maana maandishi ya kwenye mashine hakuna aliyejisumbua kuyasoma. Mimi peke yangu ndiye niliyeingia kote kuwili, kwa sababu kila asubuhi nilipeleka maandazi ya Mayu dukani kwa kina Nilesh. Kwa hiyo naweza kuzilinganisha kwa haki, na nitafanya hivyo, kwa sababu hata leo nakutana na watu wazima wenye vitambi wanaobishana jambo hili bila kuwahi kuzigusa zote mbili.

Nyeusi ilikuwa na kasi. Yule mnyama wa kwenye gemu yake akikimbia, macho yako yanabaki nyuma. Sauti yake ilikuwa nzito na ya kukwaruza, ilitoka chini ya televisheni ukaihisi kwenye benchi. Lakini rangi zake zilikuwa chache, na pedi yake ilikuwa na vitufe vitatu tu. Kijivu rangi zake zilikuwa laini, hata mawingu yalikuwa na rangi ndani ya rangi, na kwa muziki wake ungeweza kudhani kuna kwaya imejificha ukutani. Pedi yake ilikuwa na vitufe sita, viwili vikiwa mabegani, mahali ambapo kidole chako hakijawahi kufikiri kwenda. Ila maadui wakiwa wengi kwenye kioo, ilikuwa inazidiwa, kila kitu kinatembea polepole.

"Yenu inachoka," Masanja alimwambia Nilesh siku alipokuja kwetu kupeleleza. "Maadui wakifika watano tu, inatembea kama mzee anatoka kliniki."

"Na yenu ina rangi ngapi?" Nilesh akauliza. "Nyasi kijani, mti kijani, mbwa kijani."

"Yule mbwa ni mgonjwa."

Watoto wakacheka. Nilesh hakukata tamaa. "Sisi tuna batani sita. Ninyi mtu akitaka kupiga teke lazima kwanza abonyeze ya kuanzia, ndiyo apewe ruhusa."

Hilo lilikuwa kweli na lilituuma. Kulikuwa na gemu ya ngumi iliyokuwepo kwenye mashine zote mbili, na kwetu vitufe havikutosha ngumi na mateke kwa pamoja. Masanja akajibu kwa gemu nyingine ya kupigana, ambayo nayo ilikuwa kote kuwili.

"Sawa. Lakini kwenu mtu akipigwa ngumi ya uso anatoka jasho. Kwetu anatoka damu. Wewe umewahi kupigwa ngumi ukatoka jasho?"

Nilesh alifikiri kidogo. "Nyumbani kwetu hata kuku hatuchinji," alisema, na safari hiyo alishinda yeye.

Kwa watoto wengine huo ulikuwa utani tu. Kwangu haukuwa. Siku chache baada ya Nilesh kufika, nilimsikia Mayu akiongea na Masanja jikoni huku anachagua mchele. Masanja alikuwa amemaliza darasa la saba zamani na alikuwa amekaa tu. Mjomba wetu, aliyekuwa na duara upande wa Geita, yaani shimo lake la kuchimbia dhahabu, alitaka kijana wa kuvuta kamba. Mayu hakutaka mwanawe akavute kamba juu ya shimo, na pia hakutaka awe kijana wa kukaa.

"Mjomba wako anapita mwisho wa mwezi," alisema. "Kama watoto bado wanajaa hapa, nitajua una kazi, utabaki. Wakishahamia kwa Nilesh, utaenda na mjomba wako. Sitaki tubishane tena."

"Sawa, Mayu," Masanja akasema.

Alisema kwa utulivu sana. Mimi nilidhani utulivu ule ni woga. Wiki ile alianza kuwauliza madereva kutoka Isaka hadi Geita ni saa ngapi, na barabara ikoje, na kule watu wanalala wapi. Nikadhani anaogopa zaidi. Alipomwomba fundi wa matairi buti zake za zamani, nilijificha nyuma ya mapipa nikalia.

Na watoto walikuwa wanahama. Kwetu walilipa, kwa Nilesh walicheza bure na wakati mwingine wakapewa karanga.

Hapo ndipo babu yetu alipoingilia. Tulimwita Guku. Alikuwa mtu wa majigambo, anayepaka nywele zake rangi nyeusi na kukanusha. Ujanani alikuwa kiongozi wa ngoma upande wa Bagalu. Kwa wasiotujua: kwetu Usukumani wacheza ngoma wamegawanyika pande mbili, Bagalu na Bagika, na zinaposhindana hazipokezani zamu. Zinacheza wakati mmoja kwenye uwanja mmoja, na watazamaji wanakimbilia inayowavutia. Hakuna mwamuzi wala alama. Jua likizama, aliyebaki na watu ndiye mshindi.

"Mnabishana kama wanawake wa kisimani," Guku aliwaambia Masanja na Nilesh. "Ziwekeni pamoja watu wachague."

Nilesh akapeleka shauri kwa babu yake, na Mzee Ratilal, ambaye nadhani alichoshwa na watoto kukanyaga misumari yake, akatoa ghala lake tupu la pamba. Ilipangwa Jumamosi. Nyeusi ingekuwa ukuta wa huku, Kijivu ukuta wa kule, watoto wote waingie kwa mlango wa katikati. Siku ile yote, hakuna kulipa upande wowote. Mashindano yangekwisha taa ya stesheni itakapowashwa. Mayu alisikia, akasema vizuri, na yeye atakuja kuhesabu vichwa.

Sasa nieleze dawa. Hakuna ngoma ya mashindano kwetu isiyo na dawa ya kuvuta watu. Guku alikuwa nayo bado, kwenye kopo la dawa ya viatu, chini ya godoro lake: mafuta ya rangi ya kahawia, samli iliyochacha iliyochanganywa na majivu ya mizizi ambayo hakuwahi kuitaja. Alikuwa ametuhadithia mara mia. Unaipaka kwenye ngozi ya ngoma, pale sauti inapotokea, na watu wanavutwa hata kama hawataki.

Nilikuwa mtoto wa kutaka kujua kila kitu kinavyofanya kazi, na hilo ndilo lililoniponza. Nilijiuliza, kwenye mashine sauti inatokea wapi? Si kwenye televisheni, maana televisheni bila mashine ipo kimya. Si kwenye mashine, maana bila kaseti nayo haina kitu. Sauti na picha zimo ndani ya kaseti, na zinatokea kwenye yale meno ya shaba yaliyo chini yake. Masanja mwenyewe alikuwa akiyapuliza kabla ya kuchomeka. Kwa akili ya miaka kumi, hesabu ilikuwa imekamilika. Jumamosi mchana, Masanja alipokwenda kubeba televisheni, nilichota dawa ya Guku kwa kidole nikaipaka kwenye meno ya kaseti zote tatu. Sikubania. Nilipaka kila jino, mbele na nyuma, nikasukumia mpaka ndani.

Ghala lilijaa. Walikuja hata watu wazima, wapagazi wa stesheni na madereva, na wanawake wawili waliodhani kuna mkutano wa injili. Masanja na Nilesh walisimama kila mmoja kwenye ukuta wake. Guku alikuwa katikati amevaa mkanda wa shanga, amefurahi kupita kiasi.

Kwanza watu walikuja kwetu. Nakumbuka vizuri, Nyeusi iliwaka, ule mlio wake mzito ukapiga bati la ghala, na kundi zima likageuka. Dawa inafanya kazi, nilijiambia. Mnyama alikimbia labda dakika moja. Kisha picha ikapata mistari, mistari ikawa vipande, sauti ikakwama kwenye noti moja kama mbuzi aliyenaswa kwenye uzio, na kioo kikawa cheusi.

Masanja alichomoa kaseti, akaipuliza, akairudisha. Hakuna kitu. Akaweka ya pili, ya tatu.

"Imechoka?" mtoto mmoja wa Kijivu akauliza. "Au inaomba ruhusa?"

Watu walivuka. Ndivyo ilivyo katika ngoma, hakuna anayekuhurumia, wanavuka tu. Nilesh alikuja mwenyewe, akasema, "Masanja, chukua pedi yetu moja, tucheze pamoja." Masanja akamwambia asante, lakini hapana. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya televisheni na kidole changu kilikuwa bado kinanuka samli. Nilikificha kwapani. Mlangoni nilimwona Mayu. Alikuwa anahesabu, midomo inatembea, halafu ikaacha kutembea.

Taa ya stesheni ilipowashwa upande wetu tulikuwa watatu: Masanja, Guku na mimi.

Siku ya Jumatano mjomba alipita na Masanja akaondoka naye, na buti zile miguuni. Mayu alimfungia viazi. Masanja aliniambia, "Mashine nakuachia wewe. Imekufa, lakini usiitupe." Nilikuwa na siku tatu nzima za kusema, nikanyamaza, nikiogopa kopo la Guku, fimbo ya Mayu na uso wa Masanja, na sijui kipi zaidi.

Wiki moja baadaye niliichomeka, kwa kutubu zaidi kuliko kutumaini. Ikawaka. Yule mnyama akakimbia kama hajawahi kusimama. Nilikaa chini kwenye sakafu. Nilielewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba dawa ilikuwa na hasira na Masanja, na sasa alipoondoka imetulia. Niliizima na sikuicheza tena. Mayu aliwapa watoto wa jirani. Mwaka uliofuata mimi mwenyewe niliacha kwenda shule, na nilipofika umri wa kupanda lori peke yangu, nilipanda. Nimepita karibu machimbo yote ya ukanda huu. Niliwaambia watu kwamba napenda tu kuona.

Yote hayo yalinipitia pale kwenye meza ya fundi. Aliniambia simu iko tayari, akaniuliza kama nataka ile mashine, ataniuzia bei ya chuma chakavu. Nikamwambia abaki nayo. Dereva wa saruji alikuwa anaendelea mbele kidogo, baada ya Bukoli, kupeleka mifuko iliyobaki kwenye mji ambao sikuwa nimewahi kuusikia. Nikapanda tena. Njiani sikumuuliza swali hata moja, mpaka akaniuliza yeye kama naumwa.

Mji wenyewe una barabara moja, maduka ya mbao, na vumbi jeupe la mawe yaliyosagwa limelala juu ya kila kitu, hata majani ya mihogo. Tulifika saa tisa mchana. Nyumba ya wageni ilikuwa moja tu, ya bati, vyumba sita vinavyotazamana uani. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye kanga kiunoni, aliandika kwenye daftari lake.

"Siku ngapi, dada?"

"Moja."

Nilipewa chumba, nikaweka mfuko, nikakaa kitandani. Kisha nikampigia Masanja kabla sijapata muda wa kujizuia.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Leo uko wapi?" Nyuma yake karasha lilikuwa linanguruma.

"Kaka, kuna jambo la zamani nataka kukuambia. Siku ile ya ghala, mashine haikufa yenyewe. Nilipaka dawa ya Guku kwenye kaseti."

Nilisikia mawe yanasagwa kwa muda.

"Ile yenye samli iliyochacha?"

"Hiyohiyo."

"Ulipaka nyingi mno," alisema. "Nilitumia nusu chupa ya spiriti kuitoa."

Akaendelea, kwa sauti ya mtu anayezungumzia bei ya dizeli. "Nilijua jioni ileile, nilipoangalia kaseti kwa karibu. Nyumbani nani mwingine angeipaka gemu dawa ya ngoma? Nikaisafisha, nikaijaribu, ikawaka. Nikaizima."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, Mayu angeniambia basi, mashine nzima, watoto watarudi, kaa. Mimi nilitaka kwenda. Mjomba nilishaongea naye tangu Pasaka. Wewe ulinirahisishia." Akacheka kidogo. "Nilidhani utajua mwenyewe ukiiwasha. Ndiyo maana nilikuambia usiitupe."

"Nilidhani dawa imepoa hasira."

Alicheka kweli sasa, na mimi nikacheka. Tungeishia hapo ingekuwa vizuri. Lakini akauliza, bado anacheka, "Na Mayu je, alikuja kujua?"

"Hakujua."

"Kwa hiyo alifikiri nini?"

Ningeweza kudanganya. Lakini nilikuwa nimetoka kumaliza kunyamaza kwa miaka mingi na sikutaka kuanza upya. "Alifikiri ni yeye. Lile sharti lake la watoto kujaa. Hata hospitali, wiki ya mwisho, alikuwa anasema, nilimfukuza mwanangu kwa sababu ya mchezo wa watoto."

Masanja alimwambia mtu fulani azime karasha. Likazimika, na nikasikia upepo wa Chunya kwenye simu.

"Alisema hivyo?"

"Mara nyingi."

"Nilikuja mwaka ule aliofariki, tukakaa naye siku kumi. Mbona hakuniambia?"

"Na wewe mbona hukumwambia?"

Nilijuta kabla sijamaliza kusema. Hakukasirika.

"Hapo ulipo panaitwaje?" akauliza.

"Sijauliza."

"Uliza. Halafu usiondoke. Nakuja, twende Isaka kwenye kaburi la Mayu."

"Kaka, kutoka Chunya ni siku mbili, na magari ya huku hayaeleweki."

"Sijakuuliza magari. Nimesema usiondoke."

Nilitoka uani. Mwenye nyumba alikuwa anapepeta mchele, kuku wawili wanamsubiri. Nikamuuliza hapa mahali panaitwaje.

"Namba Tisa. Wengine wanasema Kwa Mzee Lutonja, lakini Mzee Lutonja alishahama."

Nilimwomba daftari lake na kalamu. Nikaikata ile moja, nikaandika tano.

"Umepata kazi?" akauliza.

"Hapana. Namsubiri kaka yangu."

Akaweka ungo chini, akasimama, akajifuta mikono kwenye kanga. "Basi njoo nikuhamishe," alisema. "Chumba nilichokupa ni cha mtu wa kulala na kuondoka. Kinavuja."